Mali Bila Daftari: Bentley ya Pauni Milioni 10 na Boksi la Risiti

Kwa kawaida hapa tunazungumzia programu, hifadhidata na mambo ya mtandao, lakini leo nitazungumzia gari. Tena si gari la kisasa lililojaa kompyuta, bali gari la mbio la mwaka 1929. Msikimbie tafadhali. Mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba ni habari ya kazi yetu ile ile.

Nianze na swali. Una gari. Mwaka huu umelibadilisha injini. Mwaka ujao chesisi imepinda, umeweka nyingine. Baadaye bodi imeoza, fundi ametengeneza mpya. Giaboksi, ekseli, viti, vyote vimekwenda. Je, bado ni gari lile lile ulilonunua?

Wagiriki wa kale waliuliza swali hili kuhusu meli ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi huku wakibadilisha kila ubao uliooza. Kwetu mtu angeuliza kuhusu jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tatu, jembe lenyewe mara mbili, je, hilo bado ni la babu? Kwa wengi haya ni maswali ya kupitishia wakati. Lakini mwezi Julai 1990 jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza mjini London alilazimika kutoa jibu, kwa sababu pauni milioni 10 zilikuwa zinalisubiri.

Kampuni iliyoandika kila kitu

Walter Owen Bentley alianzisha kampuni yake London mwaka 1919, na gari la kwanza likamfikia mteja mwaka 1921. Siku hizo kampuni ya aina hii haikuuza gari zima kama tulivyozoea. Iliuza chesisi yenye injini na magurudumu, kisha mteja akaipeleka kwa mafundi wa bodi akatengenezewa umbo analotaka. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza utambulisho wa gari haukuwa kwenye sura yake. Ulikuwa kwenye nambari ya chesisi.

Bentley waliahidi jambo zito: dhamana ya miaka 5. Hebu fikiria barabara za miaka ya 1920, mafuta ya kulainisha ya wakati huo, na madereva ambao hawakujua kubembeleza klachi. Kuahidi miaka 5 ni kujitia kitanzi usipojua ni gari lipi lililetwa, lini, na lilifanyiwa nini. Basi idara ya huduma ikaweka kumbukumbu za kila chesisi. Gari lilipokuja, iliandikwa tarehe, maili zilizokwenda, kasoro iliyoonekana na spea iliyobadilishwa.

Hawakuandika hayo kwa ajili ya wanahistoria. Waliandika ili wasilipe gharama isiyowahusu. Hapo ndipo ninapoona undugu na sisi watu wa programu, maana rekodi nzuri huzaliwa na haja ya kila siku.

Kampuni yenyewe haikudumu. Mwaka 1931, katikati ya mdororo wa uchumi wa dunia, ilifilisika na ikanunuliwa na Rolls-Royce. Katika muda wote huo ilikuwa imetengeneza magari zaidi kidogo ya 3,000. Lakini kumbukumbu za huduma zilinusurika. Hadi leo wenye magari hayo na wanahistoria wanazisoma kujua kwamba gari fulani lilibadilishwa ekseli ya nyuma mwaka fulani. Kampuni ilikufa, karatasi zikabaki zikisema.

Mkongwe Nambari Moja

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Mwaka 1929 Bentley walipeleka kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, gari jipya la aina ya Speed Six, lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 6.5. Madereva walikuwa Woolf Barnato na Tim Birkin. Barnato hakuwa dereva tu. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti na mfadhili wa kampuni, kwa utajiri ulioanzia kwenye almasi za Kimberley, Afrika Kusini, alikochuma babake, Barney Barnato.

Walishinda. Mwaka 1930 gari hilo likarudi Le Mans, safari hii Barnato akiwa na Glen Kidston, likashinda tena. Likapata jina la Old Number One, yaani Mkongwe Nambari Moja.

Gari la mbio haliwekwi kwenye kabati la vioo baada ya kushinda. Linafunguliwa, linapimwa, kilichochoka kinatolewa, na kinachoweza kuongeza mwendo kinaingizwa. Mwaka 1931 Jack Dunfee na Cyril Paul walilitumia kushinda mbio za maili 500 za Brooklands, Uingereza. Mwaka 1932 lilikuwa limebadilika zaidi: chesisi ya Bentley ya lita 4 na injini ya lita 8. Katika mbio za maili 500 za Septemba mwaka huo, Clive Dunfee, ndugu yake Jack, alipita juu ya ukingo wa njia ya Brooklands akafariki. Baada ya ajali Barnato alilijenga upya gari hilo, safari hii likiwa gari la barabarani lenye paa.

Hesabu sasa. Kati ya 1929 na kujengwa upya baada ya 1932, chesisi si ile, injini si ile, bodi si ile. Hata kazi yake si ile. Lakini watu waliendelea kuliita Mkongwe Nambari Moja.

Kesi

Miaka ikapita, magari ya zamani yakageuka kuwa mali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bei zake zilipanda kama mkate kwenye tanuri. Mwezi Aprili 1990 mwenye Mkongwe Nambari Moja, Bwana Hubbard, alikubaliana na kampuni ya Middlebridge Scimitar kuwauzia kwa pauni milioni 10. Kisha wanunuzi wakasita. Hoja yao ilikuwa rahisi kuielewa: tuliambiwa tunanunua gari lililoshinda Le Mans mara mbili, na hili silo.

Walikuwa na cha kusimamia. Ushahidi ulionyesha kwamba kwenye gari lililoshinda 1929 hakikubaki chochote ila vitu vidogo visivyoweza kujulikana ni vya mwaka gani. Kwenye lile la 1930 vilibaki vitu vichache: ekseli ya pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Chesisi ilikuwa ya 1932. Mtu wa kawaida akisikia hivyo atasema wanunuzi wamekwisha kushinda kesi.

Jaji Otton aliona vingine. Alikubali kwamba gari hilo haliwezi kuitwa gari la asili kwa maana ya kuwa na vyuma vyake vya kwanza. Lakini alikataa pia kuliita nakala au gari lililofufuliwa, kwa sababu kufufua kunahitaji kifo, na gari hili halikuwahi kufa. Halikuwahi kuvunjwa likapotea halafu mtu akakusanya vipande. Kila sehemu mpya iliingia kwenye gari lililokuwa hai, ikawa sehemu ya kitu kilekile. Hakukuwa na Bentley nyingine duniani ambayo ingeweza kudai jina hilo. Kwa hiyo, akaamua, hili ndilo Mkongwe Nambari Moja halisi, na wanunuzi walipaswa kutimiza mkataba wao.

Kiini cha hukumu hiyo, kwa maneno yangu mwenyewe, ni kwamba kilichokuwa kinauzwa siku ile ya Aprili hakikuwa chuma peke yake. Historia ya gari nayo ilikuwa sehemu ya bidhaa.

Someni tena hilo. Historia ni bidhaa. Na bidhaa inahitaji kuonyeshwa. Bwana Hubbard alishinda kwa sababu mabadiliko ya gari lake yaliweza kufuatwa hatua kwa hatua: mwaka fulani lilikuwa hivi, mbio fulani likabadilishwa hivi, baada ya ajali likajengwa hivi. Mnyororo huo ungekatika mahali pamoja tu, kwa mfano miaka mitano ambayo hakuna ajuaye gari lilikuwa wapi, hoja ya kwamba ni lile lile ingekuwa na shimo kubwa la kuzibwa kwa maneno matupu.

Linux nayo ni meli ya Theseus

Sasa wale mnaoandika programu mmeshaanza kutabasamu. Linux ya Linus Torvalds ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1991 ilikuwa na mistari kama 10,000. Leo kiini chake kina mistari zaidi ya milioni 30. Ukitafuta ile ya 1991 humo utafanya kazi ya kutafuta sindano kwenye nyasi. Lakini hakuna anayesema hii si Linux. Kwa nini? Kwa sababu tunaweza kuonyesha njia iliyopita.

Fani yetu iligundua mapema kwamba haitoshi kuwa na programu iliyopo, lazima uwe na kumbukumbu ya jinsi ilivyofika hapo. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, mfumo wa kuhifadhi kila toleo la faili pamoja na nani alibadilisha na kwa nini. Zikafuata RCS, CVS na Subversion. Mwaka 2005 Torvalds akatengeneza Git. Ndani ya Git kila badiliko lina alama yake, mfano wa alama ya kidole, inayotokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Ukichokonoa jambo la zamani, alama zote zinazofuata zinabadilika na udanganyifu unajulikana.

Na hata hapo kuna kichekesho. Torvalds alipohamishia Linux kwenye Git mwaka huo wa 2005, alianza na toleo la siku ile bila kuingiza historia ya nyuma. Ni sawa na faili la gari linaloanzia katikati. Watu wengine walilazimika kukusanya matoleo ya zamani na kuijenga historia ya awali kando. Iliwezekana kwa sababu matoleo hayo yalikuwa yamehifadhiwa. Kwa magari yaliyo mengi hakuna aliyehifadhi.

Karatasi inayokanusha hadithi

Msidhani rekodi ni za kupandisha bei tu. Wakati mwingine zinavunja hadithi tamu.

Mwezi Machi 1930 Barnato huyo huyo aliweka dau kwamba ataondoka Cannes, kusini mwa Ufaransa, wakati mmoja na treni maarufu iliyoitwa Blue Train, na kwamba yeye atakuwa amefika klabuni kwake London kabla treni haijafika Calais, pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Alifika dakika 4 mapema. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba gari alilotumia ni Speed Six ya kuvutia sana, yenye paa lililoinama kwa nyuma, iliyotengenezwa bodi na Gurney Nutting. Mchoraji Terence Cuneo alichora picha ya gari hilo likikimbizana na treni. Picha ikawa ushahidi kwa macho ya watu.

Tatizo ni tarehe. Gari hilo la Gurney Nutting lilikamilika Mei 1930, na mashindano yalikuwa Machi. Gari haliwezi kushinda mbio miezi miwili kabla ya kuzaliwa. Lililokimbia ni Speed Six nyingine, ya umbo la kawaida la abiria wanne, bodi yake ikiwa imetengenezwa na H. J. Mulliner. Tarehe moja kwenye karatasi ilikuwa na nguvu kuliko mchoro mzuri na miaka ya masimulizi.

Ndiyo maana napenda kusema rekodi haina upande. Ukiitunza vizuri, siku moja itakutetea, na siku nyingine itakuumbua. Ikikutetea tu kila siku, ichunguze.

Boksi la viatu Nairobi

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu wenye mamilioni. Ngojeni.

Rafiki yangu mmoja alifiwa na baba yake miaka kadhaa iliyopita. Mzee aliacha MGB ya mwaka 1966, ile ndogo ya viti viwili isiyo na paa la chuma. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000, kwa hiyo si gari la nadra kama Bentley. Lakini kwa familia ile lilikuwa na maana: mama alitaka kuliuza alipe karo ya mjukuu chuo kikuu.

Dalali wa kwanza alikuja, akainua boneti, akatoa tochi. Logibuku ilionyesha injini yenye nambari inayoanza na 18V. Dalali alijua magari hayo, lazima nikiri. Alijua kwamba MGB ya 1966 hutoka kiwandani na injini ya 18GB, na kwamba 18V ni za miaka ya 1970. Akamgeukia mama, akasema, "Mama, hii gari imeunganishwa. Ni mbili zimeshonwa pamoja. Mimi nitakupa bei ya spea tu, na nakusaidia." Logibuku haikuwa na jibu. Logibuku inakuambia gari ni la nani na lina nambari gani leo. Haikuambii lilivyoishi.

Rafiki yangu alinipigia simu akijua mimi ni mtu wa hifadhidata. Alisema mzee aliacha maboksi mawili ya viatu yaliyojaa karatasi, nije niyapange. Nilichukua wikendi mbili.

Ndani kulikuwa na maisha. Ankara ya mwaka 1979 kutoka gereji ya Industrial Area ilisema bloku ya injini imepasuka, na imewekwa injini nyingine iliyotumika, na nambari ya injini hiyo imeandikwa kwa mkono, 18V na tarakimu zake zote. Ndiyo ile ile iliyo kwenye gari na kwenye logibuku. Kisha kulikuwa na risiti za 1980, 1981, 1983 na kuendelea, kila moja ikiwa na nambari ya usajili na maili zilizosomwa siku hiyo. Breki, kabureta, bushi za mbele, rangi. Kulikuwa na risiti za spea za Kirinyaga Road kutoka enzi ambazo wazee bado waliiita Grogan. Hapakuwa na mwaka uliopotea zaidi ya miwili.

Jambo moja lilinifurahisha kama mtunzi wa programu. Mita ya MGB ina tarakimu tano za maili nzima. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, kama ile hitilafu ya mwaka 2000 tuliyoihangaikia. Gari lilisoma maili 31,000 na kitu. Risiti zikaonyesha wazi kwamba mita ilizunguka mara moja, hivyo gari lilikuwa limekwenda zaidi ya 131,000. Muuzaji mjanja angenyamaza. Mama alisema iandikwe kama ilivyo, maana mzee asingekubali vinginevyo.

Tukaagiza pia cheti kutoka jumba la British Motor Museum lililoko Gaydon, Uingereza, wanakohifadhi madaftari ya kiwanda. Kwa nambari ya chesisi, ile inayoanza na GHN3, wanakuambia gari lilitengenezwa lini, lilikuwa rangi gani, na lilitoka na injini ipi. Cheti kikathibitisha injini ya kwanza ilikuwa 18GB. Kwa hiyo tukawa na mwanzo kutoka kiwandani, badiliko la 1979 lenye ankara, na mnyororo wa risiti hadi mzee alipofariki. Halikuwa tena gari la kushonwa. Lilikuwa gari moja lililobadilishwa injini mara moja, kwa sababu inayojulikana.

Mnunuzi wa tatu alikaa na faili hilo jioni mbili. Alilipa karibu mara tatu ya alichotaka kutoa yule dalali. Hakuna boliti iliyoongezwa kwenye gari kati ya bei hizo mbili. Kilichoongezwa ni mpangilio wa karatasi.

Wino unaokimbia

Kuna jambo lililonishtua kwenye maboksi yale. Risiti za 1979, zilizoandikwa kwa kalamu na karatasi ya kaboni, zilisomeka vizuri kabisa. Za miaka ya 2000 na kuendelea, zile laini zinazotoka kwenye mashine, nyingi zilikuwa nyeupe. Tupu.

Sababu ni kemia. Karatasi hizo hazina wino. Zimepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali nyingine, na kichwa cha mashine kikizipasha joto vitu hivyo viwili vinakutana na kuwa vyeusi. Kilichokuja kwa joto kinaweza kuharibiwa na joto, na pia mwanga wa jua, mafuta ya mikono, na hata baadhi ya mifuko ya plastiki. Ukiiacha risiti kwenye dashibodi Mombasa, usiitegemee mwakani. Ni ajabu lakini ndivyo ilivyo: tulivyoendelea kiteknolojia, risiti zetu zimekuwa na umri mfupi kuliko za babu zetu.

Jinsi ninavyofanya mimi

Baada ya kazi ile watu kadhaa wameniomba niwaandikie programu ya kutunza rekodi za magari. Nawaambia hawahitaji. Programu ninayoiandika leo huenda isifunguke miaka 20 ijayo, na gari la zamani linaishi kuliko programu. Haya ndiyo ninayopendekeza.

Kwanza, piga picha risiti siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka gereji. Karatasi yenyewe itunze pia, kwenye bahasha ya karatasi, mahali penye giza na pakavu.

Pili, ipe picha jina linaloanza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2024-03-17-kabureta.jpg. Kompyuta yoyote itazipanga yenyewe bila wewe kufanya kazi.

Tatu, weka faili moja la maandishi matupu, kila kazi mstari mmoja: tarehe, masomo ya mita (andika kama ni maili au kilomita), kilichoharibika, kilichofanywa, nambari ya spea, jina la fundi, gharama, jina la picha. Faili la aina hiyo lilifunguka kwenye kompyuta za 1980 na litafunguka kwenye za wajukuu.

Nne, andika sababu, si kazi tu. "Nimebadilisha gasketi" ni nusu ya habari. "Nimebadilisha gasketi kwa sababu maji yalikuwa yanaingia kwenye oili" ni habari kamili. Wenzangu wa programu, mnajua uchungu wa kusoma maelezo yanayosema "marekebisho" basi.

Tano, kwa fundi wa jua kali asiye na kitabu cha risiti, mwombe aandike kwenye karatasi yoyote, aweke sahihi na tarehe. Ujumbe wa M-Pesa uhifadhi pia, lakini kumbuka unaonyesha kwamba fedha zililipwa, hauonyeshi zilikuwa za nini. Viunganishe.

Sita, pengo liache kuwa pengo. Kama hujui kilichofanyika kati ya 1998 na 2001, andika kwamba hakuna rekodi. Usijaze kwa kubahatisha. Mnunuzi akigundua mstari mmoja wa kubuni, hataamini hata ile mingine 200 ya kweli.

Saba, weka nakala tatu, na moja isiwe nyumba moja na nyingine. Moto na mchwa hawachagui.

Kwa nini nahangaika

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nimekuwa nikiisikia methali hiyo tangu shuleni nikidhani ni ya wenye maduka. Siku hizi naiona inahusu kila kitu kinachotengenezwa na kurekebishwa na mikono mingi: gari, programu, hata nyumba. Vyote hivi hubadilika sehemu kwa sehemu mpaka cha kwanza kisionekane.

Tena rekodi ndiyo mahali pekee ambapo fundi anakumbukwa. Aliyefunga injini ile ya 18V mwaka 1979 hakuna anayejua alipo. Lakini mwandiko wake, ulioinama kidogo kushoto, ndio uliomlipia mjukuu wa mteja wake karo karibu miaka arobaini baadaye. Alifikiri anaandika ankara tu.

Kwa hiyo leo jioni, ukiwa na gari la mwaka 1966 au Probox ya juzi, fungua kile kisanduku cha dashibodi. Toa zile karatasi zilizokunjamana chini ya bima na kalamu zisizoandika. Zile ambazo bado zinasomeka, zipige picha kabla hazijafutika. Tukutane tena wiki ijayo, tutarudi kwenye hifadhidata za kawaida.